Yai la Viini Viwili

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa niliweka yai mahali ambapo bibi yangu alikuwa amenikataza kuliweka, na kwa miaka mingi baadaye niliamini kwamba mkono wangu ndio ulioleta yote yaliyoipata nyumba yetu siku ya ishirini baadaye. Sijawahi kulisimulia jambo hili mbele za watu. Bibi alinifunga mdomo, nami nilimtii hata baada ya kumzika. Sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao yeye wakati ule, na nadhani akiniona hatanigombeza.

Tulikaa Itetemia, nje kidogo ya mji wa Tabora, siku zile za Mwingereza. Baba yangu, Lazaro, alikuwa seremala wa reli. Kazi yake ilikuwa kutengeneza milango na madirisha ya vituo vya treni, na mara nyingine alipelekwa mbali kwa siku tatu au nne. Mama yangu, Agata, alilima na kufuga kuku. Bibi Nyamizi, mama yake Baba, alikaa nasi katika chumba cha uani. Mimi nilikuwa mtoto pekee, na katika kijiji ambacho kila mwenzangu alikuja kisimani na mdogo wake mgongoni, hilo lilikuwa jambo la kuonewa huruma. Baada yangu Mama alibeba mimba mbili na zote ziliharibika. Sikuambiwa hivyo. Niliambiwa Mama anaumwa, nikalale kwa jirani, na niliporudi nilikuta watu wanaongea taratibu.

Mwaka ninaousimulia alikuwa mjamzito tena, na mimba hii ilikuwa imepita pale zilipokomea zile mbili. Hakuna aliyeitaja waziwazi. Bibi alisema tu, "Mama yako asiinue ndoo," na mimi nikainua ndoo.

Mwaka huohuo ugonjwa wa mdondo ulipita Itetemia. Kuku walikuwa wanasinzia asubuhi, na kufika jioni wamelala miguu juu. Mama alibakiwa na jogoo wawili na tetea mmoja mkorofi ambaye hakukubali kuatamia hata ukimfunika kwa tenga. Hapo ndipo Baba alipopata wazo lake. Aliwahi kuitwa kutengeneza mlango katika nyumba ya Mzungu mmoja mfuga kuku, na barazani akaona sanduku linaloangua vifaranga kwa joto la taa. Nadhani siku hiyo alilitazama sanduku zaidi ya mlango.

Akaunda la kwetu. Mbao zilikuwa za mninga, kuta mbili mbili, na katikati alijaza pumba za mpunga ili joto lisitoroke. Chini alilaza tangi la maji alilolitengeneza kwa madebe, juu yake wavu wa kupangia mayai, na juu kabisa kifuniko cha bawaba. Taa iliwaka nje, ubavuni. Bomba la bati lilipeleka joto ndani ya maji na kutoa moshi upande wa pili. Kipimajoto alikinunua dukani kwa Mhindi, akakifunga uzi mwekundu pale ambapo joto lilitakiwa lisimame. Sanduku liliwekwa sebuleni, na kwa siku mbili tatu watu walikuja kuligusa na kuondoka wakicheka.

Bibi hakucheka. Alikaa kwenye kigoda chake akimtazama mwanawe anavyomimina maji, kisha akasema, "Lazaro, yai linataka mwili."

"Linataka joto, Mama. Mwili ni joto tu."

"Haya," alisema Bibi. Neno hilo kinywani mwake lilikuwa na maana nyingi, na hakuna hata moja iliyokuwa ya kukubali.

Mayai arobaini yalitoka Isikizya, kwa dada yake Mama, ambako ugonjwa haukufika. Baba aliyaleta kwa baiskeli, kwenye kikapu chenye pumba. Ingawa Bibi hakulipenda sanduku, hakukubali mayai yaingie kabla hajayapitia. Alilichukua kila yai, akalipima kiganjani, akalitikisa kidogo karibu na sikio. Alipofika kwenye moja kubwa, refu, la rangi ya chai ya maziwa, mkono wake ulisimama.

"Hili lina viini viwili," alisema. "Hili haliingii."

"Kwa nini, Bibi?" niliuliza.

Alimtazama Mama aliyekuwa anachambua mchele mlangoni, akateremsha sauti. "Yai la viini viwili haliatamishwi katika nyumba yenye mja mzito. Tumbo linaiga. Lipeleke kwa Mama Zuhura, likaangwe leo hii, lisilale humu ndani."

Mama Zuhura alikuwa jirani yetu, mkunga aliyezalisha nusu ya watoto wa upande ule. Nililichukua yai, nikalifunga katika pindo la kanga yangu, nikatoka. Nilifika kwenye ua wake. Niliusikia mwiko wake ukigonga sufuria. Kisha nikageuka nikarudi.

Sikufanya hivyo kwa kutoamini. Ningekuwa siamini, ningelipeleka yai likaliwe, basi. Nililirudisha kwa sababu nilimwamini Bibi kabisa. Kama tumbo linaiga, basi Mama atazaa wawili, na mimi ambaye sikuwa na hata mdogo mmoja nitakuwa nao wawili kwa mara moja. Nilifikiri Bibi anakataza kwa sababu ya kazi ya kufua nepi. Mchana, Baba alipokwenda kuchota maji ya tangi, nilifungua kifuniko nikalilaza yai pembeni, nyuma ya mengine, nikalichora alama ya mkaa kama yalivyochorwa yote.

Kazi yangu ilikuwa kuyageuza mara tatu kwa siku, alama juu, alama chini. Niliifanya vizuri kuliko kazi yoyote niliyowahi kupewa. Lile kubwa nililigeuza mwisho, kwa mikono miwili.

Jumapili ya pili, baada ya kutoka misani, Baba aliniita stoo. Alikuwa ameziba dirisha kwa gunia na kushika tochi iliyozungushiwa karatasi ngumu, ili mwanga utoke kwenye tundu dogo. "Leo tunaona lipi zima na lipi viza," alisema. Akaliweka yai la kwanza juu ya tundu.

Nilipiga kelele. Nilitegemea kuona ute na kiini, vitu ninavyovijua jikoni. Nikaona wavu wa mishipa myekundu, na katikati doa jeusi linalorukaruka. Lilikuwa hai, na lilikuwa linajishughulisha na mambo yake bila kujua tunalichungulia. Tangu siku hiyo sijavunja yai pembeni ya kikaango bila kulitazama kwanza.

Mayai sita yalikuwa viza, Baba akayaweka kando. La mwisho lilikuwa lile kubwa. Alipoliweka kwenye mwanga tuliona madoa mawili, kila moja na mishipa yake, na mishipa hiyo ilikuwa imeingiliana.

Baba aliligeuza yai kwenye mwanga. Kisha akasema, "Hili bibi yako alilitoa kwa mkono wake. Nilimwona."

"Ndiyo, Baba."

"Limerudije?"

Alizima tochi, tukabaki gizani mimi na yeye, na harufu ya karanga za stoo. Nilisubiri kofi.

"Mayai ya namna hii hayafiki mwisho," alisema hatimaye. "Litakufa lenyewe. Tusimtie bibi yako wasiwasi."

Angeweza kulitoa. Nimelifikiria sana hilo. Lakini Baba alikuwa fundi, na fundi hutaka kuona kazi yake inaishia wapi. Alilirudisha sandukuni, kisha akaipangusa mikono yake kwenye suruali, mara mbili.

Siku ya kumi na nane, Jumanne, Baba alipangiwa kazi Kaliua. Kabla ya kwenda stesheni alinikalisha mbele ya sanduku. "Kuanzia leo usiyageuze tena. Maji yasipungue, utambi usitoe moshi. Nitarudi Ijumaa nikute vifaranga."

Alhamisi alfajiri niliamshwa na mlio wa beseni lililoanguka. Ulikuwa mwezi wa saba, wakati ambao upepo wa asubuhi huku kwetu unapenya hata kwenye blanketi. Nilimkuta Mama amepiga magoti chumbani, ameshika ukingo wa kitanda, na sakafu imelowa. Bibi alikuwa nyuma yake.

"Bado mwezi na nusu," Mama alikuwa anasema. "Mama, bado mwezi na nusu."

"Usihesabu sasa," Bibi alimwambia. Kisha akanigeukia. "Kimbia kwa Mama Zuhura. Usimsalimie mtu njiani."

Nilikimbia peku juu ya mchanga wa baridi. Mama Zuhura hakuuliza maswali. Alijitanda, akachukua mfuko wake, akafika kwetu kabla yangu ingawa alikuwa mnene na mimi nilikuwa mtoto. Mimi nikaamriwa nikae sebuleni na sanduku. Kati yangu na chumba cha Mama kulikuwa na pazia tu.

Sijui niseme vipi kuhusu asubuhi ile. Upande mmoja nilimsikia mama yangu akiguna kama mtu anayesukuma gari lililokwama. Upande mwingine, ndani ya sanduku, mayai yalianza kulia. Vifaranga hulia kabla hawajatoka, watu wengi hawajui. Niliinama nikaweka sikio kwenye mbao, nikasikia mlio mmoja, kisha miwili, kisha yote. Nikafungua kifuniko kidogo. Yai moja lilikuwa na ufa na kwenye ufa mdomo. Nikafunga.

Jua lilipoanza kuingia mlangoni, mtoto alilia. Kilio cha hasira, cha mtu aliyeamshwa.

"Wa kiume!" Mama Zuhura alisema. "Mdogo, lakini ana mapafu huyu. Mfunikeni." Kisha sauti yake ikabadilika. "Subiri. Bibi, subiri kwanza. Yumo mwingine."

Nikamsikia Bibi akisema, "Yaya." Kwetu neno hilo ni hapana. Alilisema mara tatu, kila mara kwa sauti ndogo kuliko iliyotangulia.

Nilikuwa nimeomba hili. Nilikuwa nimelipanga kwa mkono wangu mwenyewe, na sasa lilikuwa linatokea nyuma ya pazia, nami nikataka lisitokee. Nikafungua sanduku nikatazama lile yai kubwa. Halikuwa na ufa wowote.

Mtoto wa pili alizaliwa bila sauti. Nilivumilia nikashindwa, nikavuta pazia. Mama Zuhura alikuwa anasugua kitu kwa kitambaa, na kitu hicho kilikuwa na ukubwa wa njiwa aliyenyonyolewa, rangi yake ya zambarau. Alikisugua, akakipuliza, akakipigapiga unyayoni. Mwishowe kikatoa mlio mmoja mwembamba kama wa paka mchanga. Alikuwa msichana.

Lakini Mama alikuwa anatokwa na damu. Meno yake yalikuwa yanagongana na macho yake yalikuwa yanatazama dari bila kuiona. Mama Zuhura alimtazama mtoto, akamtazama Mama, na nikaelewa hata mimi kwamba mikono yake miwili haitoshi. Akamlaza Kulwa, yule wa kiume, ndani ya blanketi ubavuni mwa Mama. Huyu mdogo akampa Bibi. "Mtie kifuani," alisema. "Mpe joto. Mimi siwezi kumwacha huyu."

Bibi alimtia kifuani, chini ya kaniki yake, akaja kukaa karibu na mafiga. Niliongeza kuni mpaka moto ukawa mkubwa. Lakini Bibi alikuwa mzee mkavu, na yeye mwenyewe alikuwa anatetemeka. Baada ya muda aliniambia, "Shika mguu wake." Nikashika. Ulikuwa wa baridi kama wa chura.

"Bibi, anakufa?"

Alikuwa anaangaza macho nyumba nzima kama mtu aliyepoteza kitu. Yakatua kwenye sanduku. Kwa siku ishirini alikuwa amelipita bila kuligeuzia shingo.

"Humo ndani," alisema, "kuna joto la namna gani?"

"La kuku, Bibi. Baba anasema ni kama tumbo la kuku."

"Toa mayai."

Sikuelewa. Au nilielewa nikaogopa. "Vifaranga wanatoka sasa hivi, Bibi. Watakufa."

"Kalunde! Toa mayai!"

Nilileta ungo, nikatandika gunia, nikaanza kutoa. Saba walikuwa wameshatoka, wamelowa, wanaangukaangukia. Wengine walikuwa nusu, kichwa nje na mwili ndani. Nilikuwa nalia. Bibi aliona nachelewa, akasogea, akaingiza mkono mmoja na kutoa mayai huku mkono wa pili umemkumbatia mtoto. Na mkono huo ukalikuta lile kubwa.

Hakuwa na haja ya kulitazama. Alilijua kwa uzito. Alilishika hewani, akageuza uso akanitazama mimi, na mkojo ukanishuka miguuni pale pale nilipochuchumaa. Kisha alililaza kwenye ungo, taratibu, pamoja na mengine.

"Endelea," alisema.

Tulitandika pamba na kanga ya Mama juu ya wavu. Bibi akamlaza mtoto. Wakati huo huo Mama Zuhura alitoka kuchukua maji ya moto, mikono yake ina damu mpaka kwenye viwiko, akasimama kama aliyegonga ukuta.

"Bibi! Unamwoka mtoto?"

"Njoo utie mkono wako humu," Bibi alimjibu, "kisha ndiyo useme."

Mama Zuhura aliinama, akapangusa kiwiko, akakiingiza ndani kama mtu anayepima maji ya kuogeshea. Alikaa hivyo. Uso wake ulibadilika. "Teremsha utambi," aliniambia mimi. "Kifuniko kiache wazi vidole vinne. Na wewe hapo hubanduki."

Sikubanduka. Niliuangalia uzi mwekundu, nikahakikisha joto linabaki chini yake. Kabla ya adhuhuri damu ya Mama ilikata, akaomba uji. Karibu na alasiri nyayo za mtoto zilianza kubadilika rangi, kwanza vidole, kisha kisigino. Mama alikamuliwa maziwa kwenye kikombe, na Bibi akayadondosha mdomoni mwa mtoto kwa kipande cha pamba, tone kwa tone. Kwenye ungo, karibu na mafiga, vifaranga kumi na mmoja walipona. Wengine wote walikufia ndani ya maganda yao, na nilivisikia vilio vyao vikipungua kimoja kimoja. Sikuweza kufanya lolote, kwa sababu niliambiwa nisibanduke.

Baba alirudi Ijumaa mchana. Mama alikuwa amelala na Kulwa, Bibi yuko uani anaanika nguo. Hakupiga hodi. Aliingia na kofia yake na vumbi la treni, begi la randa na misumeno begani, macho yamekwenda moja kwa moja kwenye sanduku.

"Wangapi?" aliniuliza, na bila kungoja jibu akainua kifuniko.

Mkono mdogo kama jani changa la mhogo ulinyooka, ukafumba vidole.

Baba alirudi nyuma hatua tatu, begi likaanguka, misumeno ikalia sakafuni. Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa na uso ule. "Kalunde. Nini hiki?"

"Doto, Baba."

Katika nchi yetu jina hilo halihitaji maelezo. Doto ni pacha wa pili. Baba alikaa chini pale pale kati ya misumeno yake. "Na Kulwa?"

"Yuko na Mama."

"Na mama yako?"

"Anakunywa uji."

Hapo alivua kofia, akaziba uso nayo, na mabega yake yakaanza kucheza. Sikujua kama anacheka au analia. Nadhani hata yeye hakujua.

Jioni ile aliondoka kwa baiskeli kwenda mjini, akarudi na muuguzi, mwanamke mrefu aliyevaa kanzu nyeupe. Tulijipanga sebuleni kama washtakiwa. Alimpima mtoto, akatia mkono sandukuni, akaifuata taa, bomba, maji, moshi unapotokea. "Nani alifikiria jambo hili?" aliuliza. Baba akamwonyesha Bibi. Muuguzi akamwambia, "Shikamoo, Mama," kwa heshima ambayo Bibi hakuizoea kwa watu wa mjini. Kisha akasema, "Msimtoe." Doto alikaa humo wiki tatu na siku kadhaa.

Kesho yake asubuhi Baba alilivunja lile yai kubwa nyuma ya nyumba. Nilisimama karibu. Ndani walikuwamo vifaranga wawili, wametimia, wana manyoya, wametazamana uso kwa uso. Wote wamekufa. Baba alitaka kuwatupa, lakini Bibi alitokea na jembe akasema atawafukia yeye. Baba akaondoka. Nikabaki naye.

Alichimba bila kunitazama. "Uliliweka wewe."

"Ndiyo, Bibi."

"Kwa nini?"

"Nilitaka wawili."

Jembe likasimama. Bibi alikaa chini kwenye majani, jambo ambalo hakuwa analifanya kwa sababu ya magoti. Ndipo aliponiambia kwamba kabla ya Baba yangu alizaa mapacha, wasichana, katika miezi kama hii ya baridi. Mmoja alimtia kifuani, mwingine akampa mama mkwe wake. Yule wa mama mkwe alikufa asubuhi. Wake alikufa adhuhuri.

"Waliniuliza nilikula nini," alisema. "Nikafikiri, nikakumbuka yai la viini viwili nililokula nikiwa mjamzito. Nikalisema mwenyewe. Basi likawa hilo. Kila aliyekuja kulia msibani aliambiwa habari ya yai langu."

Nikamwambia, "Pole, Bibi."

"Hili la kwako," alisema, na akafukia udongo kwa kiganja, "usimwambie mtu. Hata mama yako. Hata ukiwa mkubwa. Mtoto akiwa mzima watacheka. Mtoto akifa hawatacheka, na hawatasahau."

Nilifikiri ananificha na adhabu ya Baba. Hakujua kwamba Baba alikuwa anajua tangu siku ile ya tochi.

Ilinichukua miaka kufanya hesabu ambayo mtu yeyote angeweza kuifanya: siku nilipolilaza yai lile sandukuni, Mama alikuwa na mimba ya zaidi ya miezi sita, na watoto walikuwa wawili tayari, wanapigana mateke kwa nafasi. Tumbo halikuiga kitu. Lakini nikimkumbuka Bibi alivyolishika lile yai hewani na kunitazama, siamini kwamba nguvu ya jambo lile ilikuwa kwenye yai. Aliona mtoto wa miaka tisa anayekaribia kubebeshwa mzigo alioubeba yeye, huku yeye mwenyewe mikononi ana mtoto anayepoa. Akachagua haraka. Akasema endelea.

Doto alikua. Ana wajukuu sasa, na sauti yake inasikika nyumba ya tatu. Kulwa, ambaye hakuna aliyemhofia, aliyezaliwa na hasira na mapafu, alikufa kwa surua akiwa na miaka minne. Siku ya msiba wanawake walikaa uani kwetu, na nikasikia minong'ono ikianza. Mmoja alisema mapacha hawa walizaliwa vibaya. Mwingine akamuuliza shangazi yangu kama ni kweli kulikuwa na jambo siku ile, jambo la kuku. Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Niliona mabega yake yanaanza kupokea maneno hayo, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na sinia la vikombe, nikiwa na uhakika kwamba sasa mtu atanigeukia.

Bibi alinyanyuka kutoka kwenye mkeka. Ilimchukua muda, ilibidi ashike ukuta. Alisimama mbele ya wanawake wale wote, wengine wa rika lake.

"Ni surua," alisema. "Mtoto amekufa kwa surua. Anayetaka kusema kitu hapa aseme surua."

Kisha mmoja akasema, "Surua imekuwa mbaya mwaka huu," na mwingine akataja mtoto wa jirani, na mwingine akamtaja wake mwenyewe, na kilio kikaanza upya, kilio cha kawaida cha watu waliofiwa, kisichomtafuta mtu. Mama akainua uso. Nikaingia na vikombe, nikawapa chai.